Siku Nilipoandika Kwamba Mama Hana Kazi

Juzi binti mmoja mwenye tableti shingoni alikuja kunihoji hapa barazani kwangu Cimpunda, mjini Bukavu. Alinikuta nachambua maharage niliyovuna Mudaka, gunia moja la kuuza na beseni moja la kula. Akaniuliza kama nina kazi. Nikamjibu kwamba nimestaafu. Akabonyeza, akanishukuru kwa Kifaransa kizuri, akaanza kushuka kilima. Nilimwita arudi. Nilimpa chai, nikamwomba anisomee alichoandika. Alikuwa ameandika: hana kazi. Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha nikamsimulia kisa changu, na kwa kuwa mpo wengi mnaofanya kazi kama yake, nimeona heri nikiandike, maana magoti yangu hayawezi kumfukuzia kila mmoja wenu kilimani.

Naitwa Neema. Miaka thelathini na moja nilitembea mkoa huu nikikusanya habari ambazo mwishowe zinakuwa PIB, yaani pato la nchi. Redioni mnaisikia kama namba moja iliyovaa tai. Mimi naijua tangu ikiwa na matope miguuni. Kwa maneno mepesi, ni thamani ya vitu na huduma zote ambazo watu wamezalisha ndani ya nchi kwa mwaka, ukishatoa vile vilivyotumika katika kuzalisha. Kiwanda kina madaftari yake, benki ina yake. Lakini ukitaka kujua Bukavu inazalisha nini kwa kusoma madaftari peke yake, utasema mji mzima umelala, na wakati huohuo ukitoka nje utakanyagwa na watu waliobeba mizigo. Ndiyo maana tulitumwa kugonga milango.

Aliyenifundisha alikuwa Papa Mugisho, msimamizi wetu, mzee mwembamba aliyetembea na mizani ndogo ya ndoano mfukoni mwa koti. Koti lilikuwa limelala upande mmoja kwa ajili ya hiyo mizani. Somo lake la kwanza alinipa mbele ya mashine ya kusaga. Nilikuwa nimejumlisha muhogo wa mkulima, nikaongeza unga wa yule anayesaga, nikaongeza bugali wa mama mwenye mgahawa, na jumla yangu ilikuwa nono nikaionea fahari.

"Neema," akasema, "muhogo ni mumoja. Usiuzalishe mu makaratasi."

Nilikuwa nimehesabu muhogo uleule mara tatu. Kinachotakiwa ni kile ambacho kila mmoja ameongeza: mkulima ameotesha, msagaji amesaga, mama wa mgahawa amepika. Toa alichonunua kwa mwenzake, hesabu kilichobaki. Ninyi leo tableti inawatolea yenyewe, lakini tableti haijui kama mama wa mgahawa alinunua unga au alisagisha muhogo wa shamba lake. Hilo lazima uulize kwa mdomo wako.

Mara nyingine nilipeleka ripoti ya bei kwamba kopo la unga limeshikilia bei ileile miezi mitano. Niliandika kwa herufi nzuri kwamba bei zimetulia. Papa Mugisho akauliza, "Na kopo?" Sikuelewa. Tukaenda sokoni, akaomba kopo la muuzaji mmoja, akaligeuza. Chini lilikuwa limegongwa nyundo kuingia ndani, na unga unaoingia mle ulikuwa umepungua mwezi hadi mwezi.

"Papa, iligongwa mu njia," muuzaji akajitetea.

"Njia yote ile toka Mudaka, inagongaka ku matako ya kopo tu?"

Soko lilicheka, na muuzaji mwenyewe akacheka, kisha akatujazia kopo moja na kutuongezea matabishi, ile konzi ya juu ambayo mteja mzuri hupewa bila kuomba sana. Papa Mugisho akapima vyote pamoja, kopo na matabishi. Alisema kinachopimwa ni kile kinachoangukia kikapuni. Tangu siku hiyo sijaamini bei ambayo haikuambatana na mizani, na ninyi pia msiiamini.

Mtacheka zaidi nikiwaambia ya Nguba. Nilitumwa kwa mjane mmoja mwenye nyumba nzuri inayotazama ziwa. Nyumba ni yake, hajapangisha hata chumba. Lakini sheria za hesabu yetu zinasema mwenye nyumba anajihudumia makazi, kwa hiyo tunakadiria kodi kama vile anajilipa mwenyewe. Tusipofanya hivyo, nchi yenye wapangaji wengi itaonekana tajiri kuliko nchi ambayo kila mtu ana paa lake. Nilimuuliza kwa heshima zote: kama angepangisha, angetoza kiasi gani kwa mwezi?

"Nani alisema napangisha?"

"Hapana, maman. Tunahesabu tu kama vile unajilipa wewe mwenyewe."

Akamwita mlinzi wa getini. "Sentineli! Kuja usikie. Huyu binti anasema nijilipe. Na nikikosa kujilipa, nitajifukuza?"

Nilikaa pale saa nzima nikieleza, na mwishowe alikubali kwa huruma tu. Basi nyumba yake, iliyokuwa imekaa kimya ikipigwa na upepo wa ziwa, iliingia katika pato la nchi. Hilo mlishike, maana linahusu yanayofuata.

Haya, kisa chenyewe. Nilikuwa mpya, mwezi wa tatu wa mkataba wa majaribio wa miezi mitatu. Tulikuwa wahoji sita, na ofisi ingebakiza wawili. Nyumbani Cimpunda mama alikuwa amekwisha kutangazia avenue nzima, mtaa wetu wote, kwamba binti yake iko na kazi. Alikuwa anasema hivyo hata kwa watu ambao hawakumuuliza, hata kwa padri. Juma moja kabla, mwenzetu mmoja alifukuzwa kwa sababu alijaza fishi, zile karatasi za maswali, bila kwenda kwa watu. Kosa hilo lilikuwa na adhabu moja tu, na sote tuliijua.

Nikapewa kuhoji avenue ya kwetu. Swali la kwanza lilikuwa kama juma hilo mtu alifanya kazi. Nyumba ya kwanza nilimkuta mama mmoja akikaanga ndazi, karai linachemka, watoto wa shule wamepanga foleni.

"Mama, uko na kazi?"

"Kazi? Itoke wapi, binti yangu? Mi naikalaka tu."

"Juma hii yote haukufanya kazi?"

"Hata siku moja. Sogea kidogo, mafuta isikurukie."

Mafuta yakanirukia, yakarukia na fishi. Nikaandika: hana kazi. Nyumba ya pili walikuwa wakifunga makala, yaani makaa, kwenye vifuko, wakanipa mkono mweusi, wakasema hawana kazi. Nyumba ya tatu mama alikuwa anaanika sambaza, dagaa wa ziwa letu, juu ya bati, naye hakuwa na kazi. Nyumba ya nne niliuliza kama wanafuga mnyama wowote. Wakasema hapana, hawafugi kitu. Chini ya kitanda kikalia kitu, kwii, kwii, halafu vikalia vingi.

"Na hiyo ni nini?"

"Ile? Ile ni simbiliki tu."

Familia ile ilikuwa na simbilisi wa kuuza na wa kula kuliko watu waliomo ndani. Nikaandika: hawafugi. Mnaona nilivyokuwa mjinga mwenye elimu. Kwetu neno "kazi" lina viatu. Mtu mwenye kazi anavaa viatu asubuhi, anaingia ofisini, anasaini daftari la bosi. Mengine yote ni kujitafutia. Mwanamke anaweza kuwa amesimama tangu jogoo wa kwanza, ukimuuliza kama ana kazi atakuonea huruma kwa swali lako. Mimi nilizaliwa katika neno hilo, nililijua kama jina langu, lakini siku ile nilikuwa na kalamu ya serikali na nikajisahau.

Nyumba ya kumi katika orodha ilikuwa ya mama yangu. Sheria ilikuwa kumwachia mwenzako nyumba ya ndugu zako. Lakini mwenzangu alikuwa mbali, mvua ilikuwa inakuja, na mimi nilijiambia: ni mama yangu, kuna kitu gani cha kuuliza? Nikakaa mezani ofisini, nikajaza mwenyewe kwa dakika nne. Umri, watoto, darasa alilofikia. Kazi: hana.

Kesho yake Papa Mugisho akavaa miwani, akaanza kukagua.

"Neema, hii avenue iko na watu wazima?"

"Ndiyo, Papa."

"Na wote banakufa na njaa?"

"Hapana, Papa."

"Sasa banakulaka nini? Juu hapa mwote umeandika hawana kazi."

"Njo vile walisema wenyewe, Papa."

Akainua fishi ya kwanza, akainusa. Naapa aliinusa. "Hii iliikala karibu na mafuta." Akainua nyingine. "Hii iko na vidole ya makala. Hii inanuka sambaza. Karatasi inasema hakuna kazi, na karatasi yenyewe inanuka kazi."

Nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Yeye hakucheka. Alikuwa amechomoa fishi moja kutoka katikati, anaigeuza mbele na nyuma chini ya dirisha.

"Na hii iko safi. Hii nyumba haukuingia."

Ningeweza kumdanganya, na nilifungua mdomo kabisa ili nimdanganye, lakini yule mzee alikuwa ananitazama bila hasira, na hilo lilinishinda.

"Ni kwetu, Papa. Ni mama yangu. Nilijaza mimi mwenyewe."

Akakunja miwani. Nami nikaanza kufikiria nitamwambiaje mama, na mama atawaambiaje watu wote wale, na padri.

"Kesho saa mbili asubuhi tunaenda," akasema. "Mimi njo nitauliza, wewe utaandika. Kama majibu ya maman inalingana na hii karatasi, nitatia sahihi. Kama hailingane, wewe mwenyewe utaniambia nifanye nini na wewe."

Mama alipotuona alikimbilia ndani kubadilisha kikwembe. Alimkalisha Papa Mugisho kwenye kiti kimoja tulichokuwa nacho chenye miguu minne, akanitazama kwa fahari kwamba nimemleta mkubwa wangu nyumbani. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaona afadhali nilitapike mapema.

"Mama, niliandika mu karatasi ya serikali kama hauna kazi. Na sikukuuliza."

Mama akashangaa. "Na si njo vile? Iko mubaya wapi?"

Papa Mugisho akainua mkono kunizuia. Sasa sikilizeni alivyouliza, maana ndicho kitu kimoja ninachotaka mkichukue kwangu. Neno kazi hakulitaja hata mara moja.

"Maman, jana uliamuka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda kuchota maji ku robine."

"Kisha?"

"Kisha nikapeleka muhogo ku mashine, kusagisha."

"Kisha?"

"Nikachekecha bunga. Nikakaa hapa mbele ya mulango, nikauzisha ku kopo."

"Kopo haijagongwa?"

Mama akacheka, akaficha mdomo. "Kidogo tu, Papa."

"Kisha?"

Kisha akaenda Nguba kufua nguo za watu, siku mbili kila juma. Kisha akarudi akamwagilia lengalenga, mchicha wetu, nyuma ya nyumba, mafungu mengine ya kuuza, mengine ya chungu chetu. Kisha akawakatia simbilisi majani, maana na sisi tulikuwa nao, mimi mwenyewe nililala juu yao utoto wangu wote. Kisha akashona mkeka. Kila "kisha" ilitoa jambo lingine, na mimi kalamu ilikuwa inakimbia. Maji aliyochota tuliandika, kwa kuwa kuchota maji ni kuzalisha. Lengalenga tuliyokula wenyewe tuliandika. Ukurasa ukajaa, nikageuza, ukajaa tena, nikaomba fishi ya pili.

"Papa," mama akasema, sasa anaona aibu kwa ajili ya mgeni, "ile yote ni kujitafutia tu. Kazi iko na Neema."

"Maman, serikali inaita ile yote kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu leo asubuhi," Papa Mugisho akajibu, na wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa naweka fishi ile safi pembeni ya hizi mbili zilizojaa unga wa vidole vya mama, na majibu hayakulingana hata mstari mmoja.

Papa Mugisho akanigeukia. "Sasa, Neema. Niambie."

"Karatasi ya kwanza ilisema uwongo, Papa. Na zingine zote za hii avenue nazo. Uniachie siku nne nirudilie nyumba zote, bila kulipwa."

"Kisha?"

"Kisha unifukuze."

Mama akasimama. Ndipo alipoelewa kilichomleta yule mzee. Nilidhani atamwomba, atapiga magoti, maana nilijua kazi ile ilivyokuwa kwake. Hakuomba. Alivuta kikwembe chake vizuri, akakaa tena, akamuuliza Papa Mugisho kama mtu anayetaka kujua jambo.

"Papa, hii karatasi inaandikaka vyote?"

"Karibu vyote, maman."

"Huyu nilimubeba ku mugongo miaka mbili nikienda soko. Baba yake aligonjwa miaka tano juu ya kile kitanda, nilikuwa namugeuza, namuogesha, namukulisha, mpaka alienda. Watoto sita nilipikia kila siku. Ile iko fasi gani?"

Nilimtazama Papa Mugisho. Alijua jibu, na mimi nililijua, tulikuwa tumelisoma katika mafunzo. Kulea, kupika, kuuguza watu wa nyumba yako bila malipo hakuhesabiki. Nyumba ya Nguba iliyokaa bure inaingia, na mwanamke anayemgeuza mgonjwa kitandani anabaki nje. Si sisi tulioweka mpaka huo, wala si Kinshasa. Uliwekwa mbali, na dunia nzima inaufuata, na bado mnaufuata ninyi na tableti zenu.

"Maman," akasema taratibu, "ile hatuandikake."

Mama akawaza kidogo. Uso wake haukuwa na uchungu wowote.

"Ee," akasema. "Na ile njo ilikuwa kazi."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Mwishoni mwa kila fishi palikuwa na kisanduku kidogo cha maoni ya mhoji, ambacho hakijumlishwi na chochote, na hakuna mtu aliyekuwa akikisoma. Tulitakiwa kukijaza kwa Kifaransa. Nikaandika kwa Kiswahili: Huyu ndiye aliyenilea.

Papa Mugisho akaichukua fishi, akaisoma polepole mpaka mwisho, mpaka kisanduku. Akaichana ile safi vipande viwili, akaviweka mfukoni pamoja na mizani. Kisha akaomba kalamu yangu, akatia sahihi.

"Simama," akaniambia. "Tunaanzia kwa ule mama wa ndazi."